Saa Iliyokuwa Ikikungoja

...na ile alama nyeupe uliyoiona jana kwenye mkono wangu wa kushoto, ukacheka kwamba baba siku hizi anavaa kivuli cha saa, nami nikakujibu kuwa saa yenyewe iko kwa fundi. Haikuwa kwa fundi, mwanangu Mejumaa. Ilikuwa Kinango, mfukoni mwa baba yako mdogo Hamisi, na sikujua kama itarudi. Sasa imerudi. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia kabla hujafika kutoka Bongwe kumuaga bibi yako mzaa mama. Nikikusimulia kwa mdomo nitalia, mama yako Zuhura naye atalia, na kesho asubuhi utapanda basi macho yamekuvimba.

Habari za blanketi, sabuni na viatu sitaziandika. Zuhura ameshakueleza zote. Nilikuwa nimeketi pembeni nikimtazama anavyokueleza, na sikusikia hata neno moja kuhusu sabuni. Najua utasema baba ameanza tena. Niache nianze. Mtu aliyeishi mgane tangu mama yako mzazi, Mungu amrehemu, atutoke, akala wali aliojipikia mwenyewe wenye mawe, kisha akajaaliwa kuoa mwanamke kama huyu, asiposema atapasuka. Mama aliyekuzaa ndiye aliyenifundisha kupenda. Nilidhani somo lile nimelisahau, kumbe lilikuwa limelala tu.

Kisa kilianza wakati wa fungate. Adhuhuri moja nilitoka uani kutia udhu, nikavua saa nikampa Zuhura anishikie. Niliporudi nilimkuta ameiweka juu ya kiganja, anaipandisha na kuishusha kama mtu anayekadiria vitunguu sokoni. Akaniuliza nani aliyeniambia kwamba ni shaba. Nikamjibu, kila mtu. Msambweni nzima inaijua saa ya shaba ya Mzee Salimu. Akasema shaba ingekwisha kuniachia ukijani mkononi kwa jasho la miaka yote hii, ingenuka kila inapolowa, na isingekuwa nzito hivi. Kisha akavua bangili yake moja, ile niliyomtolea katika mahari, akaiweka kwenye kiganja cha pili, akafumba macho. Ungemwona alivyofumba macho, Mejumaa. Nilisahau kabisa kwamba tulikuwa tunazungumzia saa.

"Mume wangu," akasema, "hizi mbili ni ndugu."

Nilicheka, maana nilikuwa na hoja niliyoiona haipingiki, na hoja yenyewe ni babu yako.

Wewe unamkumbuka kidogo, ndevu zake na harufu ya udi. Ulikuwa mdogo alipofariki. Mzee Salimu alikuwa mpiga kengele katika shamba la mkonge. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo, na yeye ndiye aliyekigonga watu waingie kazini na watoke. Mzungu mwenye shamba alipouza na kurudi kwao, alimwachia saa yake ya mkono, ileile iliyokuwa ikiongoza kengele, akasema shamba zima lilikuwa likienda kwa uaminifu wa mtu mmoja. Hilo tulilijua. Na tulijua jambo la pili, kwamba Mzee Salimu hakuivaa. Aliivua mkanda wake, akaifunga katika kitambaa cheupe, akawa anaitembeza katika mfuko wa kanzu. Akitaka kujua saa, aliitoa, akafungua kitambaa, akatazama, akafunga tena. Wenzake msikitini walimtania kwamba amepewa punda, na badala ya kumpanda anambeba mgongoni. Yeye alicheka pamoja nao na kuirudisha mfukoni.

Hamisi, ambaye hata udogoni mdomo wake haukuwa na breki, alimwuliza mbona haivai.

"Hii inamngoja mwenyewe," babu yako akamjibu.

Sisi watoto tukadhani mwenyewe ni yule Mzungu, na kwamba iko siku atarudi kuidai saa yake.

Basi nani angefikiri dhahabu? Dini yetu imewaachia wanawake pambo hilo, wanaume hatulivai, na Mzee Salimu ndiye aliyekuwa akisalisha watu imamu anaposafiri. Mtu kama yule na dhahabu mfukoni, haikuingia akilini. Kwa hivyo ikawa shaba. Hakuna aliyeipima saa. Tulimpima mwenye nayo, jibu tukalibandika kwenye saa. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Tulidhani tunamheshimu mzee wetu, na kwa heshima hiyohiyo hatukumwuliza swali ambalo pengine alikuwa akilisubiri.

Alifariki ghafla, akirudi kutoka sala ya alfajiri. Warithi tulikuwa wawili tu, mimi na Hamisi. Nyumba na minazi vikaniangukia mimi, yeye akachukua shamba la Kinango na mifugo, na kila mmoja akaridhika. Ilipofika zamu ya saa, mzee aliyekuwa akitugawia aliinyanyua kwa vidole viwili, akasema hii shaba apewe Saidi, maana yeye ndiye anayevaa suruali kwenda ofisini. Watu wakacheka, na Hamisi akacheka kuliko wote. Nikaitia mkanda mpya, nikaivaa. Niliivaa siku niliyokupeleka shule ukalia mpaka mwalimu akakupa chaki ya kushika. Niliivaa usiku tulipopandisha bendera yetu, na wewe umesimama kando yangu ukiimba sauti ikikukauka. Na niliivaa mbele ya shehe nikimwoa Zuhura.

Kwa hiyo maneno yake juu ya bangili na saa hayakuniacha nitulie. Kama ni dhahabu, mimi nimevaa kitu nisichostahili kukivaa, lakini hilo nililiona jepesi. Nilikwenda kwa shehe, akaniambia asiyejua hana lawama, nivue tu. Kisha akacheka kwamba na yeye amekuwa akiushika mkono ule kunisalimia miaka yote bila kuona kitu. Jambo zito lilikuwa jingine. Je, babu yako alijua? Na kama alijua, kwa nini alituacha tuiite shaba?

Tukaenda Mombasa kuuliza. Zuhura alivaa buibui jipya, akachagua kiti cha dirishani. Kwenye feri ya Likoni upepo ulimrusha ushungi, nikaudaka, nikasahau kuuachia mpaka tukafika ng'ambo. Mzee mmoja mwenye tenga la kuku alitutazama weee, mwisho akatuuliza kama ndiyo kwanza tumeoana. Zuhura akamjibu bila kusita kwamba sisi ni watu wazima, tuna binti anayekwenda chuo cha ualimu huko bara. Alisema "tuna", Mejumaa. Nilitaka ulijue hilo, hata kama ungesahau mengine yote ya barua hii.

Fundi tuliyemwendea ni Mhindi wa makamo aliyerithi duka la saa la baba yake, kule Mji wa Kale. Aliishika saa, akaigeuza mara moja, na kabla hajagusa kisu aliiweka kwenye mizani ndogo. Akatuonyesha uzito na kumwita jirani yake muuza vitambaa aje aushuhudie. Nikamwuliza kulikoni. Akasema ndiyo desturi ya duka lao tangu enzi ya baba yake. Saa ikionekana ni ya dhahabu, haifunguliwi mpaka mwenyewe aambiwe na uzito wake ushuhudiwe, asije kesho akadai kabadilishiwa. Ndipo akaubandua mfuniko wa nyuma, akatupa kioo chake cha kuweka jichoni.

Ndani ya mfuniko mna tarakimu zilizopigwa muhuri. Alisema hizo zinaeleza kwamba robo tatu ni dhahabu tupu, na robo ni madini mengine ya kuipa ugumu. Kando ya tarakimu pana kichwa cha mwanamke, kidogo kama punje ya ufuta, nywele zimefungwa nyuma. Hiyo ni alama ya wakaguzi wa Uswisi, kwamba walilipima ganda la saa wakalipitisha. Akatufundisha pia kutazama zile pembe zinazoshika mkanda, mahali palipolika kwa miaka. Kama ingekuwa imepakwa dhahabu juu tu, pale pangeonyesha rangi nyingine. Hapakuonyesha. Ni kitu kimoja nje na ndani.

Zuhura alikaa na kile kioo jichoni muda mrefu. "Kumbe siku zote ndani mna mwanamke," akasema, "nanyi mnamngoja Mzungu."

Fundi alicheka, kisha akausogeza mfuniko karibu na uso. Aliugeuza kwenye mwanga. Chini ya kile kichwa cha mwanamke pana mikwaruzo miembamba iliyochorwa kwa sindano. Akatueleza kwamba kila fundi anayefungua saa huchora alama yake ndani, ili ikirudi aitambue kazi yake. Na ile ilikuwa alama ya marehemu baba yake. Saa yetu ilikwisha kufunguliwa zamani, juu ya meza ileile.

"Basi mzee wako alijua," akaniambia. "Baba hakufungua ya dhahabu bila kumwambia mwenyewe na kumpimia. Alijua tangu siku hiyo."

Mejumaa, nilitafuta kiti. Nilimwona babu yako amesimama pale, mpiga kengele aliyekuja kutengenezewa saa, anaambiwa mbele ya shahidi kwamba ameshika dhahabu. Mtu mwingine angeiuza kabla ya kuvuka maji kurudi nyumbani. Yeye aliivua mkanda. Hakuivaa kwa sababu alijua, na hakuiuza kwa sababu alipewa kwa ajili ya uaminifu wake. Kwa nini hakutuambia sisi, sijui. Pengine aliwajua wanawe. Hamisi angetaka mbuzi, mimi ningetaka baiskeli.

Na yule mwenyewe aliyekuwa akingojwa hakuwa Mzungu. Nyumba yetu ilikuwa ya wanaume watupu tangu mama yetu alipofariki. Wewe ndiwe msichana wa kwanza kuzaliwa ndani yake. Nilikumbuka, hapohapo dukani, siku ya arubaini yako. Ulikuwa unalia mpaka wageni wanatazamana. Babu yako akaja, akafungua kile kitambaa, akakuwekea saa sikioni. Ukanyamaza.

"Anaisikia," akasema, na akatutazama mimi na mama yako kana kwamba tumefaulu mtihani.

Baada ya hapo kila Ijumaa ulikaa mapajani kwake ukiisikiliza. Mimi niliona babu na mjukuu wanacheza.

Fundi aliitaja bei, na alikuwa tayari kuitoa palepale. Sitaiandika. Inatosha ujue kwamba ingemrudishia baba yako mdogo ng'ombe badala ya wale waliomfia kwa ukame, na angebakiwa na za kuezekea mabati. Alitushauri pia kwamba tukiiweka tusiisugue kwa kitu chochote, wala tusikubali mtu atubadilishie ule uso wake uliofifia, maana wanaozijua saa kama hizi huzithamini zaidi zikiwa zimezeeka na vitu vyake vya asili. Zuhura akanitupia jicho, akasema ushauri huo ameufuata tangu siku ya nikaha.

Ndani ya basi la kurudi furaha yangu ilianza kunipa akili mbovu. Nilimnong'oneza Zuhura kwamba nitakupa wewe saa hii kimyakimya. Hamisi hajui, na ilipogawiwa alicheka mwenyewe. Yeye ana ng'ombe wa kuwawaza, asichanganywe. Nilijipanga vizuri sana, karani mzima, hoja moja baada ya nyingine. Zuhura alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Utamvisha mtoto kitu ambacho itambidi akivue kila akimwona baba yake mdogo?"

Alitazama nje mpaka tukaipita Diani, na mimi nikabaki na hoja zangu mapajani. Nimejifunza mengi kwa mwanamke huyu kwa muda mfupi, na hili ndilo ninalotamani ulichukue. Anakusahihisha bila kukuaibisha, halafu anakushika mkono. Ukipata rafiki wa namna hiyo huko chuoni, usimwache.

Nikapanda Kinango peke yangu. Nilimkuta Hamisi kwenye birika la kunyweshea, anagombana na ndama. Alipoiona saa akaniuliza kama nimekuja kumuuzia shaba. Nikamwambia ni dhahabu, na kwamba nusu yake ni yake tangu siku ile alipocheka. Nikamwambia na bei. Nikamsimulia habari za fundi, na alama, na kitambaa cha baba. Nikamwambia pia ninavyotaka mimi, kwamba uende nayo wewe, lakini akisema iuzwe itauzwa, na hatasikia neno kwangu.

Alikaa juu ya ukingo wa birika. Aliuliza swali moja tu, nani mwingine anajua. Kisha akaitia mfukoni, akasema, "Iache hapa mpaka mnada upite."

Mnada, mwanangu. Unaujua mnada wa ng'ombe wa Kinango na macho ya wachuuzi wake. Nilirudi nyumbani bila saa, na kila nilipoitazama ile alama nyeupe nilijiambia nimeitupa haki yako kwenye vumbi. Lakini ningekuambia nini wewe? Mpaka Hamisi aamue, nusu haikuwa yangu kuiahidi. Ndiyo maana sikukwambia kitu, hata ulipokwenda kumuaga. Unakumbuka ulivyorudi ukicheka? Ulisema baba mdogo amekuzungushia ukindu mkononi, akaukata, akautia mfukoni bila maelezo, nawe ukadhani ni mambo yake ya kinga ya safari. Nami nilidhani hivyohivyo.

Leo baada ya adhuhuri amefika. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Zuhura akampa maji, akayanywa yote, akarudisha kata, akamwuliza shemeji yake kama ni kweli kwamba kaka yake sasa anaimba akinyoa ndevu. Zuhura akamwambia si kuimba tu, anacheza. Wakanicheka wote wawili mpaka nikatamani kuondoka. Kisha akatoa kitambaa cheupe kama kile cha baba, akakiweka juu ya mkeka.

Saa imo, na ina mkanda mpya. Wa ngozi ya mbuzi, amechuna mwenyewe, amelainisha mwenyewe, ameukata mwembamba na kuutoboa vitundu kwa kipimo cha ule ukindu. Mkono wangu hauingii. Nilijaribu, akanipiga kofi la kiganja.

Ni kweli aliipeleka mnadani. Hakunificha. Anasema mchuuzi mmoja alimwonyesha mitamba mizuri sana, akakaa akiitazama tangu asubuhi.

"Ng'ombe nimewahi kuwa nao, Saidi, na nimewazika," akaniambia. "Mwalimu hatujawahi kuwa naye."

Akageuza uso akawa anajikung'uta vumbi, vumbi ambalo lilikuwa halimsumbui tangu alipoingia. Kisha akasema kwamba kwa kuwa nusu ni yake, ana sharti moja. Hataki kusikia umeifunga kwenye kitambaa kama babu yako.

"Mwenyewe ameshafika," akasema. "Aivae."

Sasa hivi amelala ukumbini anakoroma, na Zuhura anakaanga samaki wako wa safari huku akinikataza nisiingie jikoni kumsumbua. Saa nimeiweka ndani ya sanduku lako, juu kabisa, pamoja na barua hii. Ivae ukiwa ndani ya basi, kabla hujafika Mombasa kupanda gari la moshi. Kila asubuhi itie ufunguo taratibu mpaka ikatae. Mikwaruzo yake iache. Mmoja ni wa babu yako alipoiangusha kwenye ngazi za msikiti, mwingine ni wangu, siku ilipokuja barua yako ya chuo nikapiga mkono mlangoni kwa haraka ya kuingia. Mtu akikuuliza ni saa gani hiyo kubwa ya kiume, mwambie ni ya kwako.

Najivuna, Mejumaa. Nimekaa hapa najivuna mpaka naona aibu. Najivuna kwa baba aliyebeba dhahabu mfukoni na akakubali kuchekwa. Najivuna kwa ndugu aliyeangalia mitamba kutwa na akarudi na mkanda. Najivuna kwa mwanamke aliyejua kilicho mkononi mwangu kabla yangu. Na kuliko wote najivuna kwako. Nchi hii bado changa, inataka walimu, na mmoja anatoka kwetu. Siku moja utasimama mbele ya shule, watoto watakuwa wanakimbia uwanjani, nawe utatazama mkono wako na kuagiza kengele ipigwe. Saa itakuwa ileile iliyogongesha reli ya babu yako, ila safari hii watu hawataingia katika mkonge.

Hamisi hajawahi kupanda gari la moshi, na anasema haridhiki mpaka aone mkanda wake ukiwa umefungwa mahali pake. Zuhura naye ameshachagua kiti cha dirishani. Kwa hivyo mwezi huu hautaisha kabla hatujafika, sote watatu. Ukituona langoni mwa chuo usikimbie kutupokea upesi. Simama kidogo, utusubiri tukuulize ni saa ngapi.